Kuchagua risasi ya bunduki nyepesi ya kulungu isiyokupiga teke kali, hatua kwa hatua

Wadau mlioko Marekani mnaotaka kuanza kuwinda kulungu wa mkia mweupe, swali linalokuja kila mwaka kabla ya Novemba ni hili: nataka bunduki nyepesi nisiyochoka nayo porini, afu isinivunje bega, nichukue kaliba gani? Swali zuri ila lina mtego ndani yake, maana hivyo vitu viwili vinavutana. Bunduki ikiwa nyepesi ndo teke linazidi. Kwa hiyo huchagui bunduki kwanza halafu ndo utafute risasi, unavichagua kwa pamoja, na kiukweli risasi ndo yenye uamuzi mkubwa kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye mtutu. Mtu anayeogopa bunduki yake hapigi vizuri, na asipopiga vizuri mnyama anakimbia na jeraha anaenda kufa vibaya huko vichakani na nyama inapotea. Hilo mimi linaniuma kuliko kitu kingine chochote kwenye uwindaji, ndo maana nimeandika kirefu.

HATUA YA 1: SHERIA YA JIMBO LAKO KWANZA

Usinunue kitu kabla hujasoma kijitabu cha uwindaji cha jimbo lako cha mwaka huu, kinapatikana bure mtandaoni kwenye tovuti ya idara ya maliasili. Kila jimbo lina mambo yake. Colorado kwa mfano wanataka kaliba (upana wa kichwa cha risasi kwa inchi) isipungue .24, kichwa cha risasi kwa kulungu kisipungue greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na nguvu yake kwenye yadi 100 isipungue futi-pauni 1,000 (kipimo cha nguvu ya risasi, na ya teke pia). Virginia mwisho wa chini ni .23. Maana yake .223, ambayo wengi wanaipenda sababu haina teke kabisa na risasi zake ni za bei nafuu, huko kote haifai kisheria kwa kulungu. Texas wao hawana shida na kaliba, wanachokataza ni zile risasi ndogo za .22 za kawaida ambazo kiwashio chake kiko ukingoni mwa ganda.

Halafu kuna majimbo ya mashamba na watu wengi kama Ohio, Iowa na Illinois ambako kwenye msimu wa bunduki hawataki zile risasi za ganda lenye shingo, yaani linalobanwa likawa jembamba kuelekea kwenye kichwa, zinazofika mbali sana, wanaruhusu za ganda lililonyooka. Ukiwa Columbus au Des Moines na umeshajinunulia 6.5 Creedmoor sababu rafiki yako wa Dallas kakusifia, hiyo bunduki msimu wa kulungu itakaa ndani. Kwa hiyo kama uko huko soma hatua hii afu ruka mpaka pale nitakapoongelea .350 Legend.

California nao tangu Julai 2019 uwindaji wote lazima utumie risasi zisizo na madini ya risasi, yaani shaba tupu au kitu cha namna hiyo. Hili linabadilisha uzito wa kichwa utakachotumia, nitafika.

Na jambo la makaratasi: mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kununua na kumiliki bunduki, ila mtu aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika mpaka awe ndani ya zile ruhusa maalumu, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Hapa usimsikilize mtu wa kijiweni, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa chochote, kosa dogo hapa linaweza kukufukuzisha nchi. Kozi ya usalama wa uwindaji nayo ifanye hata kama umri wako haukulazimishi.

HATUA YA 2: JIBU MASWALI MAWILI, UTAPIGA UMBALI GANI NA KULUNGU WA UKUBWA GANI

Watu wanaangalia video za jamaa anapiga yadi 600 milimani wanadhani ndo uwindaji. Kwenye misitu ya mashariki na ya kaskazini, umekaa juu ya mti au kwenye kibanda, kulungu anatokea yadi 40, 70, wakati mwingine 100. Ukingoni mwa shamba la mahindi labda 150 mpaka 200. Texas kwenye mbuga za wazi na majimbo ya magharibi ndo unaweza kukutana na 250 na kitu. Mwindaji mpya mimi namwambia ajiwekee kikomo cha yadi 200 na asivuke, na kwa kikomo hicho karibu kila risasi nitakayoitaja hapa chini inatosha.

Ukubwa nao unatofautiana sana. Kulungu wa vilima vya katikati ya Texas ni mdogo, dume wa kawaida anaweza kuwa na pauni mia na kidogo, wakati dume la kaskazini mwa Minnesota au Wisconsin linaweza kupita pauni 200 vizuri tu. Ila hata huyo mkubwa siyo nyati. Ngozi nyembamba, mbavu nyembamba, moyo na mapafu yako kwenye eneo la kama inchi 8 nyuma ya bega. Ukiweka risasi nzuri hapo, hajali kama ilikuwa .243 au .30-06.

Kuna Muskochi mmoja, W.D.M. Bell, waliyempa jina la Karamojo kwa sababu ya kuwinda kwake Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Sehemu kubwa ya tembo zake aliwapiga kwa 7x57 Mauser, risasi ya kijeshi ya mwaka 1892 ambayo kwa macho ya leo ni ndogo na teke lake ni la wastani. Uwindaji ule wa pembe siusifii na mtu asijaribu kuuiga, ila kwenye kujua risasi iende wapi, jamaa aliusoma mwili wa mnyama kuliko wenye bunduki kubwa wote. Na hiyo 7x57 ina ndugu yake wa kisasa nitakayemtaja sasa hivi.

HATUA YA 3: PIGA HESABU YA TEKE UKIWA NA UZITO WA BUNDUKI MEZANI

Hapa ndo penyewe, twende taratibu.

Teke linatokana na vitu vitatu: uzito wa kichwa cha risasi, kasi yake, na wingi wa baruti inayosukuma. Hivyo vyote vinaenda mbele, bunduki inarudi nyuma kwako. Kinachopunguza ni uzito wa bunduki, na hesabu yake ni rahisi, ukipunguza uzito nguvu ya teke inapanda kwa uwiano huo huo. Bunduki ya pauni 8 ukiishusha ikawa pauni 6, teke limepanda kwa theluthi moja nzima na risasi ni ile ile.

Sasa chukua bunduki ya pauni 7 na nusu, ikiwa na darubini yake juu. Kwa makadirio, teke kwa futi-pauni ni hivi: .223 ni kama 3 au 4, .350 Legend 8 au 9, .243 Winchester 9 au 10, .30-30 kama 11, 6.5 Creedmoor 12 au 13, 7mm-08 Remington 13 mpaka 15, .308 kama 16, .30-06 18 mpaka 20, na .300 Winchester Magnum inapita 25. Watu wengi wakishafika 15 wanaanza kushtuka hata kama hawakubali.

Ile .308 ya 16 ukiiweka kwenye bunduki ya pauni 6 inakuwa 20. Yaani umelipa hela nyingi kupata bunduki nyepesi, na teke ulilopata ni la .30-06 ya uzito wa kawaida. Ndo maana nasema bunduki za mlimani zile za pauni 5 na kidogo siyo za mtu anayeanza, labda iwe ya .243. Kwa mtu wa kawaida lenga bunduki tupu ya pauni 6 mpaka 6 na nusu, kama Ruger American au Tikka T3x Lite, ukifunga darubini na vishikio vyake inaongezeka karibu pauni moja, unafika 7 na kitu. Hiyo unaibeba siku nzima bila kulalamika na haikuumizi.

HATUA YA 4: CHAGUA

Kama jimbo lako linaruhusu risasi za ganda lenye shingo, kwangu mimi mchujo unabaki na tatu tu.

.243 Winchester. Ilitoka 1955, ni ganda la .308 limebanwa shingo lipokee kichwa chembamba. Kichwa cha greni 100 kinatoka kwa futi kama 2,960 kwa sekunde, na kwenye yadi 200 bado kina nguvu ya futi-pauni zaidi ya 1,300. Teke lake hata kijana wa miaka 12 analimudu. Risasi zake zipo kila duka, mpaka duka la vifaa vya shamba kijijini. Tatizo lake ni kwamba haina ziada ya kukusamehe, ukipiga mfupa mkubwa wa bega kwa kichwa chepesi kilichotengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo, kinapasuka juu juu na kulungu anaondoka. Kwenye boksi utakuta za greni 55, 58, 75, hizo ni za mbweha na panya wa mashambani, kwa kulungu anzia greni 90 mpaka 100 au shaba ya 80 na kitu. Kwa mama mwenye umbo dogo, kijana, au mtu mwenye bega bovu, hii ndo nampa bila kufikiri mara mbili, ila namwambia asipige kulungu aliyemkalia vibaya.

6.5 Creedmoor. Hornady waliitoa 2007 kwa ajili ya mashindano ya kulenga mbali, wawindaji wakaichukua. Kichwa cha greni 140 hivi kinatoka kwa futi kama 2,700, ni kirefu na chembamba kwa hiyo kinazama ndani vizuri, mara nyingi kinatokea upande wa pili. Hilo la kutokea upande wa pili usilidharau, matundu mawili ndo yanakupa damu ya kufuatilia kwenye majani, tundu moja juu ya mbavu linaweza lisidondoshe kitu mpaka mnyama ameenda yadi 60. Risasi zimejaa kila mahali na bunduki zake za bei nafuu ni nyingi. Watu wengine wanaichukia sababu imekuwa maarufu sana, achana nao.

7mm-08 Remington. Hii ndo kipenzi changu na sifichi. Ganda lile lile la .308, kichwa cha milimita 7, iko sokoni tangu 1980, na ndo huyo ndugu wa kisasa wa 7x57 niliyemsema. Greni 140 kwa futi kama 2,860, kwenye yadi 200 unabaki na karibu futi-pauni 1,800, na teke liko chini ya .308. Ukija kuhamia Colorado ukataka kupiga mnyama mkubwa zaidi kama elk, kwa umbali wa kiasi inatosha. Ubaya wake mmoja, duka dogo unaweza kukuta aina moja tu ya risasi kwenye rafu au hakuna kabisa, inabidi uagize mapema na uweke akiba. Mtu anayepanga mambo yake namshauri 7mm-08, mtu wa kukumbuka risasi Ijumaa jioni na msimu unafunguliwa Jumamosi, chukua 6.5.

Ile .260 Remington ni nzuri ila inazidi kupotea madukani. .25-06 na .270 ni risasi tamu kwa kulungu, ila .270 kwenye bunduki nyepesi teke lake limeshavuka pale tunapopataka. .30-30, ya tangu 1895, kwenye bunduki fupi ya kukokota wenzo bado inaangusha kulungu wa msituni kila mwaka, ila kwenye yadi 200 imeshashuka chini ya futi-pauni 900, ihesabu ni ya yadi 150. .223 pale inaporuhusiwa, na kichwa kigumu cha greni 60 kwenda juu, inaua kulungu, mimi lakini simpi mwanafunzi, namwachia mpigaji mzoefu anayejua kusubiri.

Kwa wa Ohio, Iowa, Illinois: .350 Legend, Winchester waliitoa 2019 kwa ajili ya sheria za namna hii hasa. Greni 150 kwa futi kama 2,300, teke dogo kabisa, kwenye bunduki nyepesi ya risasi moja moja ni raha tupu. Umbali wake wa heshima ni yadi 150, ukijikaza 200 inabaki na futi-pauni kama 900. Illinois wanataka bunduki iwe ya kupakia risasi moja moja, na masharti ya vipimo yanatofautiana jimbo kwa jimbo, rudi kwenye kijitabu. Ile .450 Bushmaster inayouzwa pembeni yake ina nguvu kweli ila kwenye bunduki nyepesi inapiga teke la punda, usidanganywe.

HATUA YA 5: KICHWA CHA RISASI NI MUHIMU KULIKO NAMBA YA KALIBA

Ukishachagua kaliba, shika boksi usome. Mfano limeandikwa 243 WIN, 100 GR (greni 100), halafu SP (ncha laini) au jina la kampuni. Namba ya kwanza lazima ifanane herufi kwa herufi na maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu wako. Siyo karibu kufanana. Kuna watu wamepasua bunduki usoni kwa kuweka .300 Blackout kwenye bunduki ya .223 sababu inaingia. Ukiwa renji na kaliba mbili, boksi moja tu likae mezani, lingine libaki kwenye gari.

Kwa kulungu, vichwa vya ncha laini vya kawaida, vile vya shaba nje na madini ya risasi ndani, vimefanya kazi miaka mingi na ndo rahisi kwa bei. Kaliba ikiwa ndogo kama .243 ongeza hela kidogo uchukue kilichogandishwa shaba na risasi pamoja, au shaba tupu, sababu kinashika umbo na kuzama. Shaba tupu ni nyepesi kwa ujazo, kwa hiyo shuka uzito kidogo: kwenye 7mm-08 tumia 120 badala ya 140, kwenye 6.5 tumia 120 hivi. Na hapo teke nalo linapungua, faida mbili. Ya tatu ni nyama, madini ya risasi yanamegeka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho vikatawanyika kuzunguka jeraha, kwa nyumba yenye watoto wadogo au mama mjamzito mimi naona shaba ina maana yake. Ukitumia ya kawaida basi kata nyama ya kuzunguka tundu utupe, usiwe bahili hapo.

Vya shindano vyenye maandishi ya MATCH viache hata kama vina ncha nzuri.

Kama tayari una .308 au .30-06 ya shemeji huna haja ya kununua bunduki nyingine. Hornady wana Custom Lite na Remington wana Managed-Recoil, risasi za kaliba hizo hizo zilizopunguzwa nguvu, za .308 kichwa ni greni 125, teke linashuka sana na kwa yadi 150 kulungu anaanguka vizuri tu. Pima tu upya kwenye karatasi, hazitapiga pale zinapopiga zile za kawaida.

Kwa Waislamu, Bismillah wakati wa kufyatua, na ukimkuta bado ana uhai unamchinja. Kisu kikali kiwe kiunoni siyo kwenye begi. Mengine kuhusu uhalali wa nyama ya risasi muulize sheikh wako kabla ya msimu.

HATUA YA 6: KITAKO KIKUKAE

Watu wanaruka hii afu wanalaumu kaliba. Vitako vya kawaida vimekatwa kwa mwanaume mrefu, urefu wa kama inchi 13 na nusu toka kwenye trigga mpaka mwisho. Mtu mfupi akiishika anajinyoosha, kichwa kinaenda nyuma, bunduki inakaa kwenye msuli wa mkono badala ya mfuko wa bega, na hapo hata .243 inaumiza. Chukua za saizi ya vijana au zenye vipande vya kuongeza na kupunguza, siyo aibu, wanawake wengi na wanaume wafupi wanazitumia. Kipimo cha haraka dukani: bunduki ikiwa tupu na umehakikisha ni tupu, kunja kiwiko, weka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, kidole kifike kwenye trigga bila kujivuta.

Mpira laini wa nyuma wa kitako ni hela ndogo na unasaidia mno. Darubini iwe na nafasi ya inchi 3 na nusu hivi toka jichoni, vinginevyo itakukata nyusi. Ile breki ya kufunga mdomoni mwa mtutu inapunguza teke kweli, ila kelele yake inarudi usoni kwako na kwa aliyekaa pembeni, msituni bila kinga ya masikio inaharibu usikivu, sipendekezi. Sailensa inapunguza vyote viwili na majimbo mengi yanaruhusu, lakini ina usajili wake wa serikali kuu.

HATUA YA 7: HAKIKISHA HUSHTUKI

Mwambie mwenzio akupakilie bunduki huoni, wakati mwingine aweke risasi ya kweli, wakati mwingine ya bandia ya mazoezi. Lenga, vuta taratibu. Ikiwa ni ya bandia na mdomo wa mtutu umezama chini, au umejikuta umefumba macho, basi unashtuka, na hakuna mazoezi ya nguvu yatakayokutoa hapo. Rudi kwenye .22 ndogo, piga nyingi, cheka, kesho yake risasi chache tu za bunduki kubwa. Kinga za masikio vaa mbili, za ndani na za nje, maana kinachowashtua watu nusu yake ni mlio siyo teke. Mezani pia teke linauma zaidi sababu mwili umebanwa, ukishapata sifuri, yaani darubini imekubaliana na pale risasi inapogonga, inuka ufanye mazoezi ya kukaa na kupiga ukiegemea fimbo, kama utakavyokuwa porini.

Sifuri yenyewe: kwa .243, 6.5 na 7mm-08, kwenye yadi 100 risasi igonge inchi moja na nusu mpaka mbili juu ya kati, hapo mpaka yadi 200 unalenga katikati ya kifua bila kufikiria. Kwa .350 Legend na .30-30 igonge kama inchi mbili juu kwenye 100, na ujue kwamba ukishapita 150 inaanza kudondoka haraka. Ukipata boksi linalopiga vizuri kwenye bunduki yako rudi dukani siku hiyo hiyo uchukue mengine matatu ya aina ile ile, na kama namba ya toleo kwenye boksi inafanana ndo bora zaidi, sababu ukifika Novemba rafu zinakuwa nyeupe na ukibadilisha aina itabidi upime upya.